Supu na vyakula vya Kikorea kwa jiko la Mtwara na Lindi

Supu nyingi za Kikorea zinaanzia kwa dagaa mkavu. Wakorea humwita myeolchi, humtoa kichwa na tumbo, humchemsha pamoja na kipande cha mwani mpana uitwao dasima, na maji hayo ndiyo yanayobeba kila kitakachoingia baadaye. Mtu wa Mtwara au Lindi anayenunua dagaa wa bahari kwa kisado ana nusu ya kazi mkononi. Ufuta upo, choroko zipo, pweza yupo, chumvi ya mawe ipo. Vya kununua ni vichache. Ila viko vitu vya hapa vinavyofanana na vya kwao kwa macho tu, vikiingia sufuriani vinaharibu, na hivyo tutavitaja kila tunapofika.

Vya kuagiza

Agiza vitu vitano kutoka Dar es Salaam, kwenye maduka yanayouza vyakula vya Kiasia, vije kwa basi: gochugaru (pilipili nyekundu ya chembechembe), gochujang (pilipili iliyochachushwa na mchele na soya, nzito kama jemu), doenjang (soya iliyochachushwa, hutamkwa "twenjang"), soya sosi, na miyeok, mwani mkavu wa supu. Vyote vinastahimili safari vikiwa havijafunguliwa. Ukishafungua gochujang na doenjang, weka kwenye friji na chota kwa kijiko kikavu.

Nyumba ya Waislamu isome kopo kabla ya kulipa. Gochujang na soya sosi nyingi huongezewa pombe kidogo ili zisiharibike, na huwa imeandikwa kwenye orodha ya viungo. Zipo zenye alama ya halali, tafuta hizo. Mapishi mengi ya Kikorea utakayoyaona yana nguruwe. Kwenye supu hizi nyama ya ng'ombe, kuku au samaki inakaa mahali pake bila shida.

Gochugaru ndiyo watu hujaribu kuikwepa kwa pilipili kichaa. Usifanye hivyo. Gochugaru ni kali kiasi, ina utamu na rangi, na inawekwa nyingi: kabichi kilo 2 inakula gramu 80. Weka gramu 80 za pilipili kichaa uone kama kuna atakayemaliza kijiko. Ukiikosa kabisa, changanya vijiko vitatu vya paprika kwa kijiko kimoja cha pilipili ya kawaida ya kusaga. Au chukua pilipili ndefu nyekundu zilizoiva, zipasue, toa mbegu zote, anika mpaka zivunjike zikishikwa, kisha twanga kwenye kinu ukiacha chembe kubwa kama za sukari. Ikisagwa laini kama unga wa bizari, supu inakuwa na tope.

Mafuta ya ufuta nayo yana mtego wake. Mafuta mengi yanayokamuliwa Kusini yanatoka kwenye ufuta mbichi, ni mepesi na yanafaa kukaangia. Ya Kikorea yanakamuliwa kwenye ufuta uliokaangwa, ni ya kahawia, yananukia kuliko kitu chochote jikoni, na huwekwa mwishoni, kijiko kimoja cha chai. Kwa hapa njia rahisi ni hii: pepeta ufuta, uoshe, kaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka chembe zianze kurukaruka na moja ukiibana kwa vidole isagike. Epua hapo hapo, mimina kwenye sinia, maana sufuria yenye moto itaendelea kuuunguza. Twanga nusu, acha nusu nzima. Ukinyunyiza huo juu ya chakula chenye mafuta mepesi ya ufuta, harufu inayotafutwa inapatikana.

Maji ya dagaa

Kwa watu wanne: maji lita moja na nusu, dagaa wakavu gramu 30, yaani konzi mbili kubwa. Dagaa wa urefu wa kidole ndio wazuri. Vunja kichwa, pasua tumbo kwa ukucha, toa kile cheusi. Uchungu unakaa humo, na dagaa kumi tu wasiotumbuliwa wanatosha kuharibu sufuria. Dagaa mchele ni wadogo mno kutumbuliwa. Hao waoshe upesi na uchemshe dakika 6 au 7 tu.

Onja dagaa mmoja kabla ya yote. Wengi wa pwani hii huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo itaingia kwenye supu. Akiwa mkali, suuza mara moja. Dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushiwa mchangani waache kwa matumizi yao mengine. Mchanga hauishi hata ukichuja mara tatu, na ladha ni nyingine.

Weka sufuria kavu motoni, kaanga dagaa bila mafuta dakika mbili, wanukie kama wa kuchoma. Mimina maji ya baridi. Usifunike, kwa sababu shombo linatoka na mvuke, ukifunika linarudi ndani. Yakishaanza kutokota hesabu dakika 12 hadi 15 za moto wa wastani, toa povu, epua, chuja. Ukiwaacha nusu saa wanatoa rangi ya kijivu na uchungu.

Dasima haipatikani huku, na kukosekana kwake kunaonekana kwenye supu nyeupe zaidi kuliko kwenye supu nzito. Mwani huo una glutameti nyingi, ile ladha ambayo mkemia wa Japani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kwenye mwani wa jamii hiyo hiyo. Uyoga mkavu vipande viwili, majani magumu ya nje ya kabichi na kipande cha figili nyeupe vikichemshwa pamoja na dagaa vinaziba sehemu ya pengo. Kwenye supu ya doenjang usihangaike, soya yenyewe imejaa ladha hiyo.

Supu nzito ya doenjang

Hii ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu ni vigumu kuikosea. Maji ya dagaa nusu lita na robo, doenjang vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, kiazi mviringo kimoja, kipande cha mumunya changa, nusu kitunguu maji, kitunguu saumu punje tatu, pilipili mbichi moja, na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ukiipata. Kata kila kitu saizi ya kipande kinachoingia kwenye kijiko.

Kiazi kwanza, dakika 5. Kisha weka doenjang kwenye chujio, lizamishe nusu kwenye supu na usugue kwa mgongo wa kijiko, mabonge yasibaki. Fuatisha kitunguu, mumunya na saumu, dakika 7 au 8. Tofu na pilipili dakika 2 za mwisho. Chumvi usiguse mpaka uonje mwisho, na mara nyingi hutaiongeza. Doenjang inavumilia moto, hivyo usiogope kuiacha itokote vizuri.

Kwao chaza wadogo huingia humu pia. Wa hapa wanaookotwa maji yakitoka wanafaa, lakini watoe mchanga: maji lita 1, chumvi gramu 30, waloweke saa mbili mahali penye giza. Kwenye maji yasiyo na chumvi hawafungui na mchanga unabaki ndani. Ambaye hafunguki hata baada ya kuchemka, tupa.

Supu ya mwani, na kwa nini mwani wetu haufai

Miyeokguk hupikiwa mama aliyejifungua, na hupikwa tena siku ya kuzaliwa ya mtu kila mwaka. Kwa hiyo ni supu ya uzazi, kama huku mzazi anavyopikiwa supu na uji wa pilipili manga.

Ukiishi karibu na mashamba ya mwani utashawishika kutumia wa kambani. Mwani unaolimwa huku, spinosamu na kotonii, hulimwa kwa ajili ya karajinani, ule utomvu wa kugandisha unaotumika viwandani. Uchemshe nusu saa utakuwa na uteute, ukipoa ni jeli. Miyeok ni jamii nyingine kabisa, jani jembamba la kahawia linalobaki jani hata baada ya saa nzima motoni. Hapa hakuna mbadala.

Gramu 20 tu za miyeok mkavu. Itaonekana kidogo, usiongeze: inavimba karibu mara kumi, na kosa la kila anayeipika mara ya kwanza ni sufuria iliyojaa mwani na isiyo na supu. Loweka dakika 20, suuza mara mbili, kamua, katakata. Kaanga nyama ya ng'ombe gramu 150 iliyokatwa nyembamba kwa kijiko cha mafuta ya ufuta mpaka wekundu uishe, tia miyeok, kaanga dakika 4 hivi. Maji lita moja na nusu, soya sosi vijiko viwili, saumu punje mbili zilizopondwa. Moto mdogo dakika 40, malizia kwa chumvi. Majani ya vitunguu hayawekwi humu.

Kuku wa kienyeji na uji wake

Korea Kusini, kwenye siku tatu za kiangazi ziitwazo sambok, kati ya Julai na Agosti, watu hula kuku mzima aliyechemshwa wa moto chakari, kwa imani kwamba joto hupigwa kwa joto. Yule anayejazwa mchele wa kunata na mzizi wa jinsengi huitwa samgyetang. Bila jinsengi anabaki kuwa baeksuk, na huyo kuku wa kienyeji anamuweza vizuri kuliko kuku wa kisasa, ambaye nyama yake inaachia mfupa kabla supu haijapata ladha.

Kuku wa kilo moja na robo hivi: chemsha dakika 5, mwaga maji yote, osha kuku na sufuria. Hatua hii watu huiruka kwa kuona wanamwaga ladha, kisha wanashangaa supu ina povu la kijivu. Rudisha na maji lita 3, saumu punje 12 nzima, tangawizi kipande cha kidole gumba, majani ya vitunguu shina mbili. Moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili. Jogoo mzee atataka zaidi. Bizari, nyanya na ndimu zisiingie.

Kuku huliwa kwa mkono, kila mtu akichovya kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili manga na ufuta wa kutwanga. Supu iliyobaki, lita 1, inapikiwa mchele gramu 100 ulioloweshwa saa moja, kwa moto mdogo ukikoroga mpaka ulainike. Chenga zinafaa kuliko mchele mzima. Anayejua bokoboko ataujua uji huu mara moja, tofauti ni kwamba huu haupondwi.

Kimchi kwenye joto la pwani

Kimchi ni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Kazi ya pamoja ya kuitengeneza na kuigawana Korea Kusini, kimjang, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Hufanyika baridi inapoanza. Mwongozo ulioandikwa kwa baridi hiyo ukiufuata Mtwara mwezi Januari, utapata ndoo ya siki.

Kabichi yetu ya mviringo inafaa. Wakorea wenyewe huitumia. Kabichi kilo 2, kata vipande vya sentimita 4, nyunyizia chumvi ya mawe gramu 130 na maji robo lita, geuza kila nusu saa kwa saa mbili. Pima kwa mizani, si kwa kikombe: kikombe cha chumvi laini ni kizito kuliko kikombe cha chumvi ya mawe, na kimchi nyingi zinakuwa chungu kwa chumvi kwa sababu hiyo tu. Kipimo cha kuiva ni kipande kinene cha ubavu wa jani: kikunje. Kikipinda bila kuvunjika, tayari. Kikivunjika "ka", ongeza nusu saa. Suuza mara tatu, onja. Iwe na chumvi kama ya kachumbari iliyozidi kidogo. Acha ichuruzike saa nzima. Maji yakibaki, rojo linateleza na kukaa chini ya chupa.

Rojo: pika unga wa mchele vijiko viwili na maji mililita 400 mpaka uwe uji mwepesi, upoe kabisa. Changanya na

gochugaru gramu 80,
saumu gramu 40, tangawizi gramu 10, zote zimepondwa,
sosi ya samaki mililita 80,
sukari kijiko kimoja,
figili nyeupe moja na karoti moja, zimekatwa kama njiti, na fungu la majani ya vitunguu.

Sosi ya samaki ikikosekana, chemsha dagaa gramu 30 na chumvi gramu 35 kwenye maji mililita 300 mpaka yabaki nusu, chuja, poza. Haifiki ile ya kuvunda kwa mwaka, lakini inafanya kazi.

Vaa glavu au mfuko wa plastiki, changanya, jaza kwenye chupa safi hadi robo tatu tu, maana itapanda. Kandamiza mpaka maji yake yafunike kabichi. Kwa nyuzi 28 hadi 30, ambazo ndizo za kawaida hapa miezi mingi, iache nje saa 18 hadi 24, ukifungua mara mbili kutoa gesi. Ukiona mapovu na harufu imeanza kuwa ya uchachu, friji. Juni na Julai unaweza kufika saa 36. Asiye na friji atengeneze robo ya kipimo, aile ndani ya siku tatu au nne.

Kimchi laini kama mboga iliyopikwa ilikosa chumvi au ilikaa kwenye joto. Utando mweupe laini juu ni hewa imefika kwenye kabichi: ondoa, kandamiza, kula mapema. Ukungu wenye manyoya au rangi ya kijani, tupa yote bila kuionea huruma. Ikichacha kupita kiasi bila dosari nyingine, hiyo sasa ni ya supu.

Gramu 300 za kimchi chachu na maji yake, kaanga dakika 5 kwa mafuta kidogo na kijiko cha sukari, tia maji ya dagaa nusu lita, gochugaru kijiko kimoja, chemsha dakika 15. Kwao wengi huweka samaki wa kopo wa jamii ya jodari. Wewe una jodari mbichi: mkate vipande vinene, aingie dakika 4 za mwisho. Akiingia mwanzoni anakauka kama ubao. Kimchi ya jana haitoi supu hii. Ikibidi, siki kijiko kimoja itasaidia kidogo.

Chakula hiki ni cha wali mweupe, bila mafuta, bila chumvi. Wali wa nazi ni mtamu, lakini ukikutana na kimchi kila kimoja kinamharibia mwenzake.

Pweza wa pilipili

Nakji wa Korea ni mdogo, mikono myembamba, anaingia kikaangoni mbichi na kutoka baada ya dakika 2. Pweza wetu ni mnene, ukimfanyia vile utatafuna mpaka kesho. Kilo moja: msugue kwa unga wa ngano konzi moja na chumvi, hasa kwenye vikombe vya mikono, uteute utoke, suuza. Mchemshe bila chumvi kwa dakika 35 hadi 50, hadi kisu kiingie kwenye sehemu nene bila kulazimishwa. Acha apoe ndani ya maji yake, ngozi haitabanduka. Maji hayo usiyamwage. Tia figili, saumu na majani ya vitunguu, una supu ya pili.

Changanya gochugaru vijiko vitatu, gochujang kimoja, soya sosi viwili, sukari kimoja na nusu, saumu kijiko kimoja. Kikaango kipana, moto mkali kabisa; kwenye mkaa pepea mpaka uwe mwekundu wote. Kitunguu maji, karoti na kabichi dakika 2, pweza na rojo dakika 2 nyingine, ufuta, epua. Chakula kikilowa maji, ama moto ulikuwa mdogo ama ulijaza kikaango. Pika mara mbili badala ya kushindilia.

Mboga ya pembeni ni mchicha: sekunde 30 kwenye maji yanayochemka, maji baridi, kamua sana, soya sosi kijiko cha chai, saumu kidogo, mafuta ya ufuta, ufuta wa kutwanga. Vikonyo vya matembele vilivyomenywa uzi navyo huliwa hivyo hivyo Korea, ambako vikonyo hupendwa kuliko majani. Chemsha dakika 5.

Chapati za choroko

Bindaetteok ndizo zinazouzwa sana kwenye soko la Gwangjang mjini Seoul, na mpika bajia hahitaji kufundishwa mengi. Choroko gramu 250 na mchele gramu 50, loweka saa 6, fikicha maganda ya kijani yaelee, yamwage. Saga na maji mililita 150 tu, rojo libaki na chembe kama za semolina. Tia kimchi chachu iliyokamuliwa na kukatwa ndogo, majani ya vitunguu, nyama ya kusaga gramu 100. Chumvi tia unapotaka kukaanga, kwa sababu ikikaa, rojo linatoa maji na chapati inavunjika ikigeuzwa.

Mafuta yawe mengi kuliko ya chapati ya kawaida, moto wa wastani, unene wa kidole, dakika 4 kila upande, na usiibonyeze na mwiko. Chovya kwenye soya sosi iliyotiwa siki na kitunguu kibichi. Rojo likibaki lisilale nje. Kwa joto la hapa asubuhi litakuwa limechacha na kuvimba, na kwenye friji lina siku moja tu.